Peni ya semaglutaidi: usiruke hatua za dozi

Dada, umeuliza kama unaweza kuanza na miligramu 1 ya Ozempic (jina la kibiashara la semaglutaidi, dawa ya kisukari cha aina ya 2) kwenye peni, yaani kifaa cha kujichomea dawa, ya rafiki yako, na kama peni iliyoganda kwenye friji bado inafaa.

Usianzie hapo. Daktari huanzisha miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki 4, ndipo 0.5. Dawa hii huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ukiruka hatua unaweza kutapika mpaka uishiwe maji, na figo zikaumia. Peni ya mwenzako usiitumie kabisa, hata ukibadilisha sindano: chembe za damu huweza kurudi ndani yake.

Iliyoganda itupe, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Peni mpya hukaa nyuzi 2 hadi 8, mbali na friza.

Sindano mpya kila mara, tumboni au pajani. Bonyeza kitufe cha peni; kaunta ya dozi ikifika 0, endelea kubonyeza, hesabu polepole hadi 6 ndipo uchomoe. Wengi huchomoa mapema, dawa ikaishia juu ya ngozi.

Ukipata maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, hasa yanayopenya hadi mgongoni, acha dawa uende hospitali siku hiyohiyo. Na kama unapanga kushika mimba, mwambie daktari mapema: dawa huachwa angalau miezi 2 kabla.