Sakafu Inayonata na Harufu Isiyokwisha: Majibu Kuhusu Usafi wa Kina wa Ofisi na Majengo ya Biashara

Barua nyingi zilizofika katika safu hii kuhusu usafi wa majengo ya kazi zinaulizia jambo moja kwa njia tofauti: ni dawa ipi kali zaidi inayoweza kununuliwa ili tatizo liishe. Nimechagua barua tano ambazo, kwa maoni yangu, dawa kali ndiyo iliyozidisha tatizo au iliyolificha, na katika kila moja nimejaribu kueleza uchafu unatoka wapi kabla ya kueleza unavyoondolewa.

SWALI: Mimi ni msimamizi wa jengo la ofisi lenye ghorofa nne. Sakafu ya vigae katika ukumbi wa mapokezi na kwenye korido hupigwa deki asubuhi na mchana, lakini ikishakauka tu nyayo za viatu huonekana waziwazi, na ukitembea unahisi soli zinanata. Tumeongeza sabuni maradufu na hali imezidi kuwa mbaya. Je, vigae vimechakaa?

JIBU: Ndugu msimamizi, vigae vyako ni vizima, vimefunikwa na sabuni. Kazi ya sabuni ni kubandua mafuta na vumbi na kuvifanya vielee ndani ya maji, na kazi hiyo haijakamilika mpaka maji hayo yaondolewe sakafuni pamoja na kila kilichomo. Yakiachwa yajikaukie, maji hupotea hewani, na sabuni, mafuta na vumbi hubaki palepale kama utando mwembamba unaodaka uchafu wa kila kiatu kinachopita. Ukiongeza sabuni, unaongeza utando. Pale ambapo maji yana madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu, sabuni ya kawaida iliyotengenezwa kwa mafuta huungana na madini hayo na kuacha ukungu mweupe ambao haufutiki kwa dekio.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kwa maji ya moto yasiyotiwa chochote, kisha usugue kigae kimoja kwa nguvu. Povu likitokea ilhali hukutia sabuni, au kigae hicho kikawa na rangi tofauti na jirani zake, umekwisha kuuona ugonjwa.

Kuuondoa utando huo ni kazi ya siku ambayo ofisi imefungwa. Fagieni kwanza na kufyonza vumbi kwa mashine, kwa sababu mchanga ukishalowa hugeuka tope na kujificha kwenye maungio ya vigae. Mwageni maji ya moto yenye sabuni ya alikali ya kuondoa mafuta, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo na si zaidi, muiache kwa dakika tano hadi kumi bila kuiruhusu ikauke, kisha msugue kwa brashi ngumu au kwa mashine ya kusugulia sakafu. Maji machafu yavutwe yote kwa mashine ya kunyonya maji, au yakusanywe kwa mpira wa kusukumia maji, na sakafu isuuzwe kwa maji safi mara mbili. Hatua hii ya kusuuza ndiyo inayorukwa mara nyingi, na bila hiyo kazi nzima ni bure.

Baada ya hapo, kwa deki ya kila siku tumieni sabuni isiyo na tindikali wala alikali kali, yaani yenye pH iliyo karibu na 7, na ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia dekio kabla halijarudi kwenye sabuni. Anayetumia ndoo moja kwa ghorofa nzima ataona maji yamegeuka kijivu na mchanga umetuama chini kabla hajafika nusu ya korido. Kuanzia hapo hasafishi tena, anasambaza.

Jambo la mwisho kwako ni mlango. Sehemu kubwa ya uchafu wa sakafu huingia na viatu, kwa hiyo weka zulia gumu la kukwangua tope nje na zulia la kunyonya maji ndani, refu kiasi kwamba kila mguu ulikanyage mara mbili au tatu kabla ya kufika kwenye vigae. Zulia hilo lifyonzwe vumbi kila siku, maana likishajaa huanza kurudisha uchafu kwenye viatu.

SWALI: Vyoo vya ofisi yetu huoshwa mara tatu kwa siku na bado vina harufu ya mkojo. Aidha, kila Jumatatu asubuhi kunakuwa na harufu nyingine nzito ya maji taka. Wahudumu humwaga dawa ya klorini, na ikishindikana huongeza juu yake dawa ya tindikali. Tufanye nini zaidi?

JIBU: Kabla ya lolote lingine, ndugu msomaji, komesheni leo kumwaga dawa hizo mbili mahali pamoja. Klorini ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu, na katika chumba kidogo chenye mlango uliofungwa inaweza kuua. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine za sumu ziitwazo kloramini, na mkojo uliokaa una amonia ya kutosha kumfanya mhudumu akohoe anapoumwagia klorini. Ikitokea ajali ya aina hii, watu watoke mara moja, wasirudi kuchukua ndoo, na yeyote anayebanwa kifua apelekwe hospitali hata kama anajiona ana nafuu, kwa kuwa madhara ya mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Dawa hizi ziwekwe kwenye rafu tofauti na zisihamishiwe kamwe kwenye chupa zisizo na maandishi.

Sasa tuje kwenye harufu zenyewe, ambazo ni mbili na vyanzo vyake ni viwili. Ile ya Jumatatu inatoka ndani ya mabomba. Chini ya kila tundu la maji la sakafuni, na chini ya kila sinki, bomba limepindwa ili maji kidogo yabaki kwenye kona hiyo wakati wote. Maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia hewa ya maji taka isipande. Tundu ambalo halipati maji hukauka, na mwisho wa juma ambapo hakuna anayetumia choo, huku feni ya kutoa hewa ikiendelea kuvuta, hukauka upesi zaidi. Ijumaa jioni mwageni lita moja au mbili za maji katika kila tundu, bila kusahau sinki la stoo ambalo halitumiki. Jumatatu ikipita bila harufu, mmetibu kwa maji matupu. Ikiendelea, muiteni fundi bomba atazame kama bomba limepasuka au kama bomba la kupumulia limeziba.

Harufu ya mkojo inataka magoti na tochi. Mwombeni mhudumu mmoja apige magoti na kumulika chini ya ukingo wa ndani wa bakuli, nyuma ya sehemu za kukojolea, kwenye bawaba za kiti, kwenye skrubu na pale miguu ya vizuizi inapogusa sakafu. Atakuta ukoko wa manjano au wa kahawia, mgumu kama chokaa. Hizo ni chumvi za mkojo zilizoganda pamoja na madini ya maji, na bakteria wanaoishi humo ndio wanaozalisha harufu. Klorini hufifisha rangi ya ukoko huo bila kuuyeyusha, ndiyo maana choo huonekana cheupe na kunuka vilevile. Kinachouyeyusha ni tindikali, na ile laini ya sitriki hutosha mara nyingi kwenye vyombo vya kauri. Ipakwe peke yake siku ambayo klorini haijatumika, iachwe ifanye kazi, isuguliwe na kusuuzwa. Kwa maungio ya vigae na zege tupu, ambavyo vimekwisha kunywa mkojo, tumieni dawa yenye vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja uchafu, na muiache ikiwa mbichi kwa muda mrefu, hata usiku kucha. Ikiwa silikoni inayozunguka kitako cha choo imepasuka, mkojo unapita chini yake na hakuna dawa itakayoufikia: silikoni ing'olewe, pasafishwe, pakauke, iwekwe mpya.

SWALI: Kaunta yetu ya mapokezi ni ya marumaru. Tuliifuta kwa siki ili ing'ae, na sasa ina mabaka yaliyofifia yasiyotoka. Ni doa la aina gani?

JIBU: Hilo si doa. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, na tindikali yoyote, hata ya siki, huila. Mabaka hayo ni sehemu ambazo uso wa jiwe umeliwa, na hurudishwa kwa kung'arishwa upya na fundi wa mawe. Terazo ihurumiwe vivyo hivyo, kwa kuwa mara nyingi ina vipande vya marumaru na saruji. Kwa kuwa tunazungumzia vitu vinavyoharibiwa na dawa isiyovifaa, niongeze kuwa milango ya lifti ya chuma kisichoshika kutu haipaswi kufutwa kwa klorini, ambayo hukitoboa vitundu vidogo vidogo. Maji, sabuni laini na kitambaa kinachofuata mwelekeo wa mistari ya chuma vinatosha.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mhudumu wa usafi. Nimeagizwa nipulize dawa ya kuua vijidudu kwenye meza, vitasa na simu na kufuta papo hapo ili niwahi kumaliza. Nahisi kazi hii haifai kitu, lakini sina la kumwambia bosi wangu.

JIBU: Marahaba, na hisia yako ni sahihi. Kila dawa ya aina hiyo ina muda ambao uso wa kitu lazima ubaki umelowa ndipo vijidudu vife, na muda huo huandikwa kwenye chombo. Kwa dawa nyingi ni dakika kadhaa, na kwa baadhi hufika kumi. Ukiifuta baada ya sekunde tano, umefuta kabla haijafanya kazi. Kadhalika, vumbi na mafuta hukinga vijidudu na kuipunguzia nguvu klorini, kwa hiyo meza chafu huoshwa kwanza kwa sabuni, kisha ndipo dawa ipakwe. Mwoneshe bosi wako maandishi ya kwenye chombo chenyewe. Nami namwomba anayepanga zamu aelewe kwamba ratiba isiyowapa wahudumu muda wa dawa kufanya kazi inapoteza fedha ya dawa na jasho la mtu.

Kwa simu, kibodi na vifaa vingine vya umeme, pulizia kitambaa, usipulizie kifaa. Alkoholi ya asilimia 70 inafaa kuliko ile isiyochanganywa na maji, kwa sababu maji huisaidia kuharibu protini za vijidudu na kuichelewesha isikauke mapema. Kitambaa cha chooni kiwe na rangi yake na kisiguse meza hata siku moja. Ofisi nyingi huchagua nyekundu kwa vyoo. Vaa glavu, fungua dirisha.

SWALI: Ofisi zetu zimefungwa kwa miezi kadhaa na tunajiandaa kurejea. Tumepata mkandarasi wa usafi wa kina. Aanze na nini, nasi tukague nini?

JIBU: Anzeni na maji, ingawa ndiyo yasiyoonekana. Mwaka 1976, katika hoteli moja mjini Philadelphia nchini Marekani, zaidi ya watu 200 waliugua homa kali ya mapafu na 34 wakafariki. Mwaka uliofuata wanasayansi walitambua bakteria aliyehusika, akaitwa Legionella. Bakteria huyu hustawi katika maji yaliyotuama yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, na humfikia mtu anapovuta matone madogo ya maji hayo. Kwa hiyo mabomba yote, hasa ya bafu, yafunguliwe taratibu bila kurusha matone, maji ya zamani yatoke yote, vichujio vya mdomo wa bomba viondolewe ukoko, matangi yasafishwe, na hita ya maji ipandishwe hadi nyuzi 60. Mitambo ya kupozea inayotumia maji iachiwe fundi wake.

Pili, tafuteni unyevu kabla ya kupaka rangi. Baka jeusi la kuvu kwenye dari lina maji nyuma yake: mfereji wa paa ulioziba kwa majani, bomba linalovuja, au trei ya kiyoyozi ambayo mrija wake wa kutoa maji umejaa ute. Kuvu likifutwa na chanzo kikaachwa, litarudi. Vichujio vya viyoyozi vioshwe na kukaushwa kabisa kabla ya mitambo kuwashwa, la sivyo vumbi la miezi yote hiyo litapulizwa juu ya meza mlizokwisha kusafisha.

Ndipo usafi wenyewe ufuate, kutoka juu kwenda chini na kutoka kikavu kwenda kibichi: dari na taa, juu ya makabati, kuta, madirisha wakati jua haliyapigi, samani, na mwisho sakafu. Kukagua msitegemee manukato. Pitisheni kitambaa cheupe juu ya fremu za milango, nyuma ya redieta au viyoyozi vya ukutani na chini ya meza zenye nyaya, kisha mkitazame. Kapeti lifyonzwe vumbi polepole, mara kadhaa kwa kupishana, kabla ya kuoshwa, kwa sababu chembe za mchanga zilizobaki chini hukata nyuzi kila linapokanyagwa. Mkandarasi anayeosha kwa maji ya moto lazima ayavute maji hayo yote, awashe feni, na alikaushe kapeti ndani ya saa 24, au 48 kwa kuchelewa sana, kabla kuvu halijaanza kuota. Andikeni sharti hilo kwenye mkataba, na msirudishe samani mpaka mmoja wenu ameweka kiganja chini kabisa ya nyuzi, katikati ya chumba na kwenye pembe, akakuta ni pakavu.