Kabla ya kupanda mashua hori la Tudor, uliza maji ya kurudi

Kikaratasi chenyewe ninacho hadi leo, kwa mwandiko wangu: "kupwa 10:36". Nilinakili kutoka kwenye simu usiku wa kuamkia Jumapili, nikampa shemeji aliyekuwa ashike usukani. Yeye akasoma saa kumi na dakika thelathini na sita za jioni. Simu ilikuwa ikisema saa nne asubuhi. Tukatoka Mji wa Kale wa Mombasa saa mbili asubuhi kulipanda hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara, watu wanane, kapu la mahamri na hotpoti ya mbaazi, tukijua tuna maji ya kutwa nzima.

Saa tatu hivi, tumeshapita Mikindani twaelekea Jomvu, mashua ikagusa. Kugusa tope hakuna kishindo. Ni kama mtu amekushika nguo kwa nyuma. Mashine ikatifua maji meusi, tukaizima. Shemeji akashuka kusukuma, akazama hadi magotini, na kandambili moja ikabaki huko huko. Mvuvi akapita na mtumbwi katikati ya mkondo, pale penye maji yaliyosalia, hata kafi hakulipunguza.

"Mumepwelewa? Kaani kitako. Kwenye saa sita yatawanyanyua."

Na saa sita yakatunyanyua. Kwa saa tatu tulikuwa na jua, kaa wekundu, na mtoto wa miaka minne anayetaka kwenda haja.

Tangu siku ile safari ya hori naipanga kuanzia mwisho. Nauliza kwanza: saa ya kurudi, maji yatakuwa wapi na yatakuwa yakienda wapi? Maji yakupandishe yakijaa, na yakushushe yakianza kutoka. Ukipanda hori na maji yanatoka, wapigana na mkondo, na kila dakika sakafu yakukaribia.

Wenye kalenda ya Kiislamu ukutani wana nusu ya hesabu tayari. Karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano, yaani siku za mwezi mwandamo, na siku moja mbili baadaye, ni bamvua, maji ya kujaa sana na kupwa sana. Hapa kwetu maji ya bamvua hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3, ndiyo maana mlango wa maji uliopita asubuhi mapema huukuti tena. Kwenye mwezi saba na ishirini na mbili ni maji mafu: mkondo mpole, na kujaa huangukia saa nne au tano asubuhi. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo usichukue saa za wiki jana.

Kwa familia yenye watoto mimi huchagua maji mafu, tukatoka saa mbili na kurudi kabla ya adhuhuri. Ukiitaka bamvua, toka saa nane mchana na maji yanayojaa, geuza saa kumi, uwe nyumbani kabla ya magharibi. Usingoje chai ya pili. Na saa ziandikwe kwa maneno, "saa nne asubuhi", hata kama watu watakucheka.

Ukiwa ndani, tazama mizizi ya mikoko. Ikiwa juu ya maji pana mkanda ulioloa unaong'aa, na chaza wametoka nje, maji yanatoka. Mizizi ikiwa mikavu hadi usawa wa maji, yanajaa. Hilo ni la kuaminika kuliko simu isiyo na chaji.

Chukua nahodha anayelijua hori hilo hasa. Kujua bahari ya Nyali si kujua milango ya Jomvu, na shemeji wangu ni shahidi. Akague mwenyewe: pondo, mti wa kusukumia mashua, lipo? Chombo cha kutolea maji yaliyoingia mashuani kipo? Maboya ya kuvaa yanawatosha wote, na la mtoto ni la saizi ya mtoto? Miezi ya kusi, upepo utokao kusini, mdomo wa hori, upande wa Mkomani, huchafuka hata kama ndani kumetulia. Oktoba hadi Machi ni rahisi zaidi. Baada ya mvua kubwa msioge, maji taka ya mitaa huteremkia humo.

Wengi huniuliza kama sasa mtu aweza kuzunguka kisiwa kizima cha Mombasa kwa mashua. Kweli, Makupa, panapounga kisiwa na bara, zamani barabara ilipita juu ya kifusi kilichoziba maji, na daraja jipya lilifunguliwa 2022. Lakini ng'ambo ya pili ni Kilindini: meli kubwa, feri za Likoni, ulinzi wa bandari. Huko usiende bila kuuliza bandarini, na mimi kwa mandari ya watoto siendi. Njia ya kupanda hori kuelekea Rabai, ambako wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao 1846, yanitosha.

Bei patana kwa safari, si kwa saa. Sisi tulikodi kwa saa, tukalipa saa tatu za kutazama kaa.