Mizani, Jicho la Horus na Elimu ya Siri ya Misri ya Kale: Je, Muislamu Ajifunze?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa historia. Rafiki yangu amejiunga na kikundi kinachofundisha kile wanachokiita elimu ya siri ya Misri ya kale. Ananiambia kwamba habari za mizani ya Kiyama tumezichukua kwa Wamisri, waliokuwa wakiamini kupimwa kwa moyo wa maiti zama nyingi kabla ya kuteremshwa Qur'ani. Amenipa pia kidani cha fedha chenye jicho la Horus, mmoja wa miungu ya Wamisri hao, akisema ni kinga tu na hakina tofauti na kombe (aya zinazoandikwa sahanini, zikaoshwa na maji yake yakanywewa) na hirizi za kwetu pwani. Je, maneno yake yana msingi? Nami naruhusiwa kusoma maandishi yao na kukivaa kidani hicho?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ndugu yangu, nitaanza na mizani, kwa kuwa hilo ndilo linalotikisa itikadi. La kidani jibu lake ni jepesi zaidi.

Rafiki yako hakuzua habari yenyewe. Katika hati ya mafunjo ya mwandishi aitwaye Ani, iliyoandikwa karibu karne ya 13 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) na ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la British Museum, London, mandhari hiyo imechorwa kwa rangi. Ani na mkewe wameinama kwa unyenyekevu. Moyo wake umewekwa katika kitanga kimoja cha mizani, na katika kitanga cha pili umewekwa unyoya wa Maat, ambao kwao ulikuwa alama ya haki na ukweli. Mungu wao Anubis mwenye kichwa cha mbweha anaikagua mizani, mungu wao Thoth mwenye kichwa cha ndege anaandika matokeo, na nyuma yake anangoja Ammit, mnyama mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na kiuno cha kiboko, tayari kuumeza moyo utakaoonekana mzito.

Muislamu hana sababu ya kuingiwa na hofu kwa kuona mfanano huu. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Surat An-Nahl, aya ya 36, kwamba kila umma uliletewa Mtume wa kuwaita watu wamwabudu Yeye na wajiepushe na twaghuti, yaani waungu wa uwongo, na Misri yenyewe imetajwa waziwazi: Yusuf (A.S.) aliwauliza wenzake wawili gerezani, katika nchi hiyo hiyo, "Je, waungu wengi wanaofarikiana ndio bora, au Mwenyezi Mungu Mmoja Mwenye nguvu?" Kwa hivyo kukuta kwa watu wa kale fikra ya hesabu baada ya kifo ni jambo ambalo Qur'ani yenyewe inatutayarisha kulikuta, ijapokuwa haifai kumnasibishia Nabii yeyote mchoro au maandishi fulani bila dalili. Anayesema kwamba mizani ya Kiyama imenakiliwa kutoka Misri anadai zaidi ya anachokijua, kwa sababu kufanana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja limeibwa kutoka kwa jingine. Wanunuzi na wauzaji wa kila nchi wamejua mizani, na kila nchi imejua kilio cha mwenye kudhulumiwa katika kipimo.

Lakini tusiishie kwenye mchoro. Tazama walivyokuwa wakiikabili mizani hiyo, na hapo ndipo tofauti inapojitokeza.

Juu ya kifua cha maiti, ndani ya sanda, walikuwa wakiweka jiwe lililochongwa mfano wa mende wa samadi, mara nyingi la rangi ya kijani, na upande wake wa chini yakachorwa maneno ambayo maiti anauambia moyo wake: ewe moyo wangu nilioupata kwa mama yangu, usisimame kunitolea ushahidi, usinipinge mbele ya baraza, usiniendee kinyume mbele ya mshika mizani. Yaani waliamini kwamba moyo unajua kila kitu, kisha wakaunda jiwe la kuunyamazisha. Mbele ya waamuzi 42 maiti alifundishwa kumtaja kila mmoja kwa jina na kukana dhambi moja baada ya nyingine: sikuua, sikuiba, sikupunja kipimo. Maandishi haya yaliuzwa. Zimepatikana hati ambazo waandishi walizitayarisha mapema wakaacha mahali patupu pa jina, ili mnunuzi yeyote aandikwe humo kuwa ameshinda hukumu kabla hata hajafa. Na kwa kuwa waliogopa pia kazi ngumu za ulimwengu huo wa pili, walizikwa na visanamu vya watumishi wa kuitikia kwa niaba yao. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, vilikutwa 413.

Soma sasa Surat Yaasin, aya ya 65: "Leo tunaviziba vinywa vyao, na iseme nasi mikono yao, na itoe ushahidi miguu yao kwa waliyokuwa wakiyachuma." Kule moyo unazibwa ili ulimi ukane, hapa ulimi unazibwa ili viungo viseme. Aya ya 18 ya Surat Faatir inasema kwamba mbebaji mzigo hatabeba mzigo wa mwingine, seuze kisanamu cha udongo. Wala hatukufundishwa kujidai usafi, bali tumekatazwa kujitakasa katika Surat An-Najm, aya ya 32, na dua tuliyorithi kwa baba yetu Adam ni ya kukiri: "Mola wetu! Tumezidhulumu nafsi zetu." Mwenye kuiba mizani ya watu, nadhani angeiba na namna yao ya kuikwepa.

Kiini cha elimu hiyo ya siri kilikuwa ni nguvu waliyoiita heka, ambayo waliiona ni uwezo wa kuendesha mambo kwa maneno, majina na vitendo, na ambayo wakati huo huo waliihesabu kuwa mmoja wa miungu yao. Waliandika majina ya maadui juu ya vyungu kisha wakavivunja ili maadui waangamie. Wanasimulia kwamba Isis, mungu wao wa kike, aliyachukua mate ya mungu wao Ra, akayachanganya na udongo akaumba nyoka, nyoka akamuuma Ra, na Isis akakataa kumtibu mpaka Ra amfichulie jina lake la siri ili Isis apate kumtawala. Ametakasika Mwenyezi Mungu na hayo! Mola wetu hatawaliwi kwa jina lake, wala hakutuficha jina la kumwombea. Amesema katika Surat Al-A'raaf, aya ya 180, kwamba ana majina mazuri kabisa, basi tumwombe kwa hayo. Wachawi wa Firauni, waliokuwa mabingwa wa fani hii, ndio waliokuwa wa mwanzo kuanguka kusujudu walipoiona fimbo ya Musa (A.S.), kwa sababu wao walijua mipaka ya ujuzi wao.

Nikuongezee kwamba mengi yanayouzwa leo kwa jina la siri za Misri si ya Misri hiyo. Maandishi yanayonasibishwa kwa Hermes, mwenye hekima wa kale anayetajwa katika visa, ambayo vikundi vingi huyategemea, yaliandikwa kwa Kigiriki katika karne za mwanzo baada ya Nabii Isa (A.S.), na mwanazuoni Isaac Casaubon alilibainisha hilo kwa hoja za lugha mwaka 1614. Maandishi ya picha ya Misri nayo hayakusomeka sawasawa mpaka kazi ya Champollion, mtaalamu Mfaransa, ya mwaka 1822, na kabla yake watu walibuni tu maana za siri. Utakuta katika baadhi ya vitabu vya Waislamu kwamba Hermes ndiye Nabii Idris (A.S.), lakini hakuna aya wala hadithi sahihi inayosema hivyo. Na wanaomtaja Akhenaten, mfalme wa Misri ya kale, kuwa mpwekeshaji wanasahau kwamba aliyemwabudu ni jua, nasi tumeambiwa tusilisujudie jua wala mwezi.

Ama hoja ya kombe, hiyo ina uzito na haifai kuidharau. Wamisri walichonga mawe yenye sura ya Horus akiwa mtoto amekanyaga mamba, wakayajaza maandishi, wakayamwagia maji, na aliyeumwa na nyoka au nge akanywa maji hayo. Kwa macho, hilo linafanana na sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani ikaoshwa kwa maji ya waridi. Lakini Auf bin Malik (R.A.) alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu makago, yaani maneno ya kujikinga na kutibia, waliyokuwa wakiyatumia zama za ujahili, alijibiwa: nionyesheni makago yenu, hapana ubaya katika makago madamu hayana shirki. Imepokewa na Muslim. Kipimo, basi, ni nani anayeombwa na kwa maneno gani. Wanazuoni wameshurutisha yawe maneno ya Mwenyezi Mungu au majina na sifa zake, yafahamike, na mtu aitakidi kwamba hayaponyi yenyewe. Na kwa masharti hayo Ibn Taymiyya aliruhusu kuandika Qur'ani kwa wino halali ikaoshwa akanywa mgonjwa, akilinukuu hilo kwa Imam Ahmad. Sitakuficha kwamba ziko hirizi mitaani kwetu zilizojaa tarakimu, miraba na majina yasiyojulikana ni ya malaika au ya majini. Hizo rafiki yako amezilinganisha sawasawa na za Misri, na hukumu yake ni moja nazo: Mtume (S.A.W.) amesema mwenye kutundika hirizi amefanya shirki.

Kusoma maandishi hayo kwa ajili ya masomo yako kunaruhusiwa. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu na mwanazuoni, aliyazuru mapiramidi ya Misri karibu mwaka 1200 na akayaeleza kwa kuustaajabia ufundi wake bila ya kuyaomba chochote. Kinachoharamishwa ni kuyatamka makago yao kwa kutaka athari yake, kuingia katika ibada au viapo vya kikundi hicho, na kumwendea mwalimu wao akutabirie, kwani uchawi umetajwa pamoja na shirki katika madhambi saba yanayoangamiza.

Kidani usikivae, hata kama wewe unakiona ni pambo, kwa kuwa umepewa kwa jina la kinga na wenzako wanakijua kwa jina hilo. Usimrudishie rafiki yako wala usimuuzie mtu atakayekivaa kwa itikadi hiyo hiyo. Mpelekee sonara akiyeyushe. Fedha yake ni mali yako halali, ukitaka ukatengenezewa pete. Na rafiki yako usimkate: msomee maneno ya lile jiwe la kifuani kisha umsomee aya ya Yaasin, na umwachie afikiri mwenyewe. Wallahu a'lam.