Kugeuza tangi la samaki lililokomaa kuwa la mimea: shughulikia filta kwanza

Mkuu, umesema tangi lako ni la sentimita 90 kwa 35 kwa 40, lina samaki aina ya gapi na moli, changarawe ya rangi, na filta ile ya sahani ya plastiki inayolazwa chini ya changarawe. Unataka kutoa mimea ya plastiki uweke ya kweli, na samaki wabaki hai. Inawezekana, ila kinachosumbua hapo ni hiyo filta. Mimea yenyewe ni kazi ndogo.

Kwa filta ya aina hiyo, bakteria wanaogeuza amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) kuwa nitraiti na kisha nitreti wanaishi kwenye changarawe yenyewe. Ukiitoa yote kwa mkupuo umeondoa filta nzima, na baada ya siku chache utaona samaki wamepanda juu wanahema. Kwa hiyo weka filta ya sponji sasa hivi (au ya nje, mfuko ukiruhusu), ifanye kazi pamoja na ya zamani kwa wiki 5 au 6. Ikichafuka, ikamulie kwenye ndoo yenye maji ya tangi. Maji ya bomba yana klorini, yataua hao hao bakteria unaowalea.

Baada ya hapo toa changarawe theluthi moja kwa wiki, huku unanyonya kwa mpira uchafu unaotibuka. Pima amonia siku ya pili na ya nne baada ya kila zamu. Ikionekana yoyote, badilisha theluthi ya maji na usiguse tena changarawe mpaka isome sifuri. Zamu ya mwisho, ya kung'oa sahani, samaki wasiwemo ndani: wahamishie kwenye beseni lenye maji yao pamoja na ile sponji ikiendelea kutoa mapovu. Chini ya sahani kuna tope la miaka, lingine jeusi linalonuka yai bovu, na hilo likitibuka linaweza kuua samaki. Linyonye lote kabla hujaweka mchanga.

Tumia mchanga wa mto wenye chembe za milimita 1 hadi 2, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Kwa tangi lako, kina cha sentimita 3 mbele na 6 nyuma, andaa kama kilo 22. Mchanga wa ufukweni acha, umejaa vipande vya matumbawe na makombe. Ukitilia shaka, dondoshea siki. Mchanga ukitoa povu una chokaa. Moli hawatajali, wanapenda maji magumu (yenye madini ya chokaa), lakini baadhi ya mimea inaweza kudumaa. Udongo maalumu wa akwariamu ni mzuri, ila aina nyingi huachia amonia wiki za mwanzo, hivyo haufai tangi lenye samaki.

Panda mingi siku moja, ifunike angalau theluthi mbili za sakafu. Vallisneria (yenye majani marefu kama utepe) nyuma, Hygrophila (mmea wa mashina) pembeni, Ceratophyllum (isiyo na mizizi) ielee tu. Anubias usiifukie: lile shina nene linalolala likizikwa linaoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe, au ligandishe kwa supaglu nzito. Vallisneria ipo hata Ziwa Tanganyika, ila mimea ya ziwani huja na konokono, wakiwemo wanaobeba kichocho. Nunua kwa mtu anayeotesha kwenye matangi.

Taa saa 6 kwa siku, kwa taima, na uongeze hadi 8 baada ya mwezi ukiona machipukizi. Wengi huwasha kwa muda wa saa 12 wakidhani wanaisaidia mimea, kumbe wanafuga mwani. Kama filta ina kaboni (mkaa maalumu wa kusafisha maji), itoe, inanyonya baadhi ya virutubisho. Mbolea ya shambani yenye urea au amonia usithubutu. Tumia vidonge vya mbolea vya kufukia kwenye mizizi, vifukie kila sentimita 15 karibu na Vallisneria, rudia baada ya miezi mitatu hivi. Pampu ya hewa iache iendelee hasa usiku, maana gizani mimea nayo inavuta oksijeni.

Vumbi la kahawia kwenye majani mwezi wa kwanza ni kawaida, lifute kwa kidole. Majani ya zamani ya Vallisneria yakianza kuyeyuka, kata yaliyooza na usiing'oe. Chungulia katikati ya shina, jani jipya likiwepo mmea umeshika.