Binti yangu haongei, analia tu usiku

SWALI: Shikamoo shangazi, mie mama wa huku Jinja, Uganda, binti yangu ana miaka 15 yuko S2 (kidato cha pili), tangu arudi likizo haongei, posho (ugali) na maharagwe anachokonoa tu afu sahani inarudi jikoni vilevile, usiku namsikia analia chini ya blanketi. Baba yake anasema anadeka, majirani wanasema ana mapepo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Majirani waache kwanza. Mapepo gani hayo yanangoja likizo? Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 18, ila sisi huku mtoto akinyamaza tunasema ana kiburi, akilia anadeka, na hawa ndo walewale waliokaa nyumbani shule zilipofungwa kwa korona, kabisa au nusunusu, Machi 2020 hadi Januari 2022, nani aliwauliza wanajisikiaje?

Usimkalishe sebuleni kumhoji kama polisi. Mwite mchambue maharagwe pamoja, we ongea ya kwako, nyamaza kidogo, ataongea mwenyewe. Akikuonea aibu, si kuna senga, shangazi yake upande wa baba? Zamani hiyo ndo ilikuwa kazi yake, siku hizi tunamkumbuka harusi ikikaribia tu.

Ila ukisikia anasema anataka kufa, au wiki mbili zinapita hali ni ileile, mpeleke hospitali ya rufaa hapohapo Jinja, wana kitengo cha afya ya akili, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Baba yake naye aende, asibaki nyumbani akitoa hukumu.