Muulize Sista: “Nikiuliza, anajibu mama mkwe”

Safu ya mwezi huu imejaa wauguzi. Nimechagua barua tatu za watoto wangu wa kazi, na moja ya baba aliye mbali. Majina na vituo nimeviondoa. Mimi ni mkunga mstaafu, mzaliwa wa Muheza, na mengi nitakayoyasema hapa nimeyapata wodini.

Shikamoo Sista. Nimeajiriwa mwaka jana, nikapangiwa zahanati moja wilayani Simanjiro. Mimi ni mtu wa Kagera, Kimaasai sikijui. Akina mama wakija kliniki hawanitazami usoni, na kila ninachouliza anajibu mama mkwe. Anayenitafsiria ni mlinzi wa zahanati. Nimesikia kwamba miezi ya mwisho ya ujauzito wanapunguza kula kwa makusudi. Nimewafundisha lishe, nimewafokea, wanaitikia kwa kichwa na hakuna kinachobadilika. Niombe uhamisho?
*Nesi Mgeni, Simanjiro*

Marahaba mwanangu. Uhamisho omba ukitaka, lakini sababu isiwe hiyo. Hata huko utakakopelekwa kuna mama mkwe anakusubiri.

Tuanze na mlinzi. Sina shaka ni mtu mwema. Lakini mwanamke atamwambiaje mwanamume wa boma la jirani kwamba anatokwa na uchafu ukeni? Hatamwambia. Atasema kichwa kinamuuma, nawe utampa panadol, na ugonjwa utarudi nao nyumbani. Waulize akina mama wenyewe ni mwanamke gani wanamwamini. Anaweza kuwa mhudumu wa afya wa kijiji, au binti aliyesoma hadi kidato cha nne akarudi. Ukimpata, kaa naye asubuhi moja kabla foleni haijaanza, mkubaliane: aseme yote yanayosemwa, asifupishe, asimjibie mgonjwa, na ya chumbani yabaki chumbani. Wewe nawe mtazame mama unapouliza. Sema “unaumwa wapi?”, usiseme “hebu muulize anaumwa wapi”. Uliza jambo moja, usubiri. Na sauti yako iwe ya kawaida, maana wako wenzetu wanaodhani asiyejua Kiswahili ni kiziwi.

Salamu ujifunze leo hii. Mwanamke unamwambia “Takwenya”, naye anaitika “Iko”. Mama mtu mzima mwite Yeyo, bibi mwite Koko. Ukianza hivyo, wengi watakuinulia uso kabla hujafika kwenye kadi ya kliniki.

Mama mkwe usimtimue. Najua chuoni mmefundishwa kusema “naomba mtupishe”, na faragha ya mjamzito ni haki yake, hasa kipimo cha VVU. Hiyo usiitoe sadaka kwa mtu. Ila kuna njia ya kuifikia. Msalimu huyo mama kwanza, mpe kiti kizuri, muulize yeye wanawe alijifungulia wapi na nani alimsaidia. Mwache aongee. Akimaliza, mwambie sasa unampima mkwewe, na kipimo hicho ni cha muuguzi na mjamzito peke yao, kisha utamwita mpange safari ya kujifungua. Mtu aliyeheshimiwa hutoka mwenyewe.

Sasa hili la kula. Ulichosikia ni kweli kwa akina mama wengi wa Kimaasai: mimba ikikua wanapunguza chakula ili mtoto asiwe mkubwa. Umewahi kuwauliza kwa nini? Fikiria uko bomani, barabara ni ya vumbi, pikipiki ni ya mtu, na chumba cha upasuaji kiko mbali. Mtoto akikwama, mama anakufa. Bibi zao waliyaona hayo kwa macho, wakatafuta dawa iliyokuwa mikononi mwao, nayo ni kumfanya mtoto awe mdogo. Ni hofu yenye akili ndani yake. Ukiifokea unawaambia kwamba hujui wanachokiogopa.

Kwa hiyo zungumza na hofu yenyewe. Waambie: mtoto akikwama, gari litaitwa hivi, litatoka pale, litakupeleka kule, na namba ya simu ni hii. Kama mpango huo haupo, anza kuutengeneza na mtendaji wa kijiji kabla ya kuhubiri lishe. Kisha waeleze kitu ambacho bibi hakuweza kukiona: mama mwenye upungufu wa damu hana akiba, akitokwa damu baada ya kujifungua anaondoka upesi, hata kama mtoto alipita vizuri. Mama mkwe atalisikia hilo, kwa kuwa damu anaijua. Na usiwasomee karatasi yenye picha ya parachichi na samaki. Kiangazi Simanjiro kuna maziwa yakipatikana, kuna nyama, kuna ugali. Panga na hivyo. Uliza pia ni mizizi na magome gani anayokunywa kwenye supu, uandike kwenye kadi, bila kukunja uso.

Mambo mawili mafupi. Siku ya kliniki ifanye iwe siku ya mnada, kwa kuwa watakuja upande huo hata hivyo. Na mama akitaka kujifungua akiwa amepiga magoti au amechuchumaa, mwache na umsaidie; Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 linataka mama achague mkao wake na awe na mtu wake karibu. Kitanda kile cha chuma kiliwekwa kwa ajili ya mgongo wako wewe.

Sista, nimesoma safu yako miaka na miaka. Sasa wafadhili wanatuletea semina za “utamaduni katika uuguzi”. Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Wodi yangu ina wagonjwa 40 na wauguzi wawili kwa zamu. Nijifunze mila za wangapi?
*Muuguzi wa Wodi, Mwanza*

Usijifunze za yeyote kwa orodha. Nimeziona hizo orodha: Wasukuma wako hivi, Wahaya wako vile, Waislamu wasiguswe hapa. Ukishaikariri unaacha kumwona mtu. Analetwa mzee wa Kisukuma, wewe unaanza kumtafutia mganga wa jadi kichwani mwako, kumbe ni mwalimu mstaafu wa fizikia aliyekuja na matokeo ya vipimo kwenye bahasha.

Maswali matatu yanatosha wakati wa kumpokea, na hayazidi muda wa kupima presha. Mwenyewe unadhani ugonjwa huu umetokana na nini? Umeshatumia nini hadi sasa? Nyumbani nani anahusika kuamua mambo ya matibabu? Ukanda wa pwani, kwa mfano, kuna mama atakayekwambia mtoto wake ana degedege na kwamba alimkanda kwanza kwa dawa za kienyeji, kwa kuwa amesikia mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Ukilijua hilo mlangoni, utamweleza mama kabla ya kushika bomba la sindano: mtoto ana malaria kali iliyofika kichwani, wengine walifia hospitali kwa sababu walichelewa kufika, na dawa hii ndiyo itakayomwokoa. Usipouliza, utageuka kuchanganya dawa, ukirudi kitanda kitupu, mama ameondoka na mtoto.

Wauguzi wawili kwa wagonjwa 40, hapo nakuunga mkono kabisa. Semina haiongezi mikono. Waambie hivyo hao wafadhili, kwa maandishi.

Shikamoo Sista. Mimi ni nesi wa kiume kutoka Njombe, Mkristo, nafanya kazi Pemba. Nina mzee wangu wa sukari anayetumia glibenklamaidi. Mwaka jana Ramadhani alizimia saa kumi jioni, sukari ilikuwa chini sana. Nilimkataza kufunga, akanyamaza, kisha akafunga. Ramadhani nyingine inakuja. Nimfanyeje?
*Kaka Nesi, Pemba*

Marahaba. Kwanza fahamu kwamba amri ya “usifunge” ikitoka kinywani mwako haina uzito, na mzee alikuonea haya kukwambia hivyo. Dini yake inamruhusu mgonjwa kula. Kurani inalisema hilo waziwazi katika sura ya Al-Baqara, na mgonjwa asiyetarajia kupona ana njia ya fidia ya kulisha maskini. Lakini hilo amsikie sheikh wa mtaa wake akilisema. Nenda kwa sheikh huyo, mkaribie kwa adabu, umwombe mzungumze na mzee mkiwa watatu. Masheikh wengi wa visiwani wana ndugu mwenye sukari; hutapata shida ya kueleweka.

Pili, usisubiri mwezi uandame. Rajabu ikiingia mpeleke kwa daktari. Hiyo glibenklamaidi ni katika dawa za sukari zinazoishusha sana mtu akikaa na njaa, na daktari anaweza kubadili dawa, kipimo au saa za kumeza. Wewe usiibadili mwenyewe, wala yeye asiiache kimyakimya, kama wanavyofanya wengi.

Tatu, mkubaliane namba. Miongozo ya kimataifa ya sukari na Ramadhani inasema mtu afuturu hapo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwenye mashine zetu. Wazee wengi hawapimi mchana kwa kuogopa kwamba tone la damu la kidoleni litawafunguza. Wanazuoni walio wengi wanasema halifunguzi. Hilo nalo liwe swali lako kwa sheikh. Mwambie mkewe dalili: jasho baridi, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Mkewe ndiye atakayekuwepo saa kumi, wewe utakuwa kituoni.

Halafu futari. Hapo ndipo wauguzi kutoka bara mnapopotea, mnahangaika na njaa ya mchana na kusahau jioni. Tende, uji, mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kalimati juu yake! Sukari iliyokuwa 4 inaruka hadi huko. Usimwondolee sahani, kaa na mkewe muone kipi kipungue. Tende moja badala ya nne, magimbi au mihogo, visiwe vyote viwili, samaki waongezeke, kalimati zibaki za wageni. Na daku asiiache, aile karibu na alfajiri, si saa sita usiku akalale.

Akiisha kusikia yote hayo na bado akafunga, uamuzi ni wake. Kazi yako itakuwa kumpima mara nyingi zaidi. Usimnunie.

Jambo Mama. Sisi ni Wakongo wa Fizi, tumeishi kambini Nyarugusu, sasa tuko Louisville, Marekani. Bibi yangu (mke wangu) anatokwa damu nyingi, hospitalini wanasema ana uvimbe kizazini. Manesi hawajui Kiswahili, basi wanamtumia mtoto wetu wa miaka 12. Mtoto alikataa kutuambia maneno mengine, akalia. Siku moja wakatupigia mtafsiri wa simu, nikasema tulienda kwa munganga kambini. Nesi akaanza kuuliza ni majani gani tulikunywa. Tufanye nini?
*Baba Watoto, Louisville*

Jambo baba, pole sana, na umpe pole mama.

Mtoto wa miaka 12 hapaswi kusimama hapo. Na mama naye hawezi kumweleza mwanawe mambo ya hedhi; atapunguza maneno, na daktari atapata nusu ya ugonjwa. Huko mliko mna sheria upande wenu. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya Marekani inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na ile ya huduma za afya ya 2010 imeongeza nguvu: inapaswa kuwapa mtafsiri mwenye ujuzi, bila malipo, na haitakiwi kumtegemea mtoto isipokuwa kwa muda, kwenye dharura, wakati mtafsiri hajapatikana. Kwa hiyo mkifika mapokezi, kabla hamjaketi, sema: “I need a Swahili interpreter.” Wakikwambia mtoto anatosha, sema “No” na urudie. Si ufidhuli. Mnaweza pia kuomba mtafsiri mwanamke kwa jambo hili.

Hilo la munganga limenichekesha kidogo, nisamehe. Kwenu ni daktari wa hospitali. Mtafsiri wenu nadhani alitoka Kenya, akafikiria mganga wa tunguri. Mtafsiri akiingia kwenye simu, mwombe aseme anatoka wapi, nawe useme unatoka Fizi. Waombe waandike kwenye faili “Congolese Swahili”, na kama mama anaongea Kibembe vizuri zaidi, waombe waulize kama yupo wa lugha hiyo. Mkiona maneno hayapiti, mna ruhusa ya kuomba abadilishwe.

Kabla ya kusaini karatasi ya upasuaji, mama mwenyewe, kwa mdomo wake, awarudishie alichoelewa: wanatoa uvimbe tu au wanatoa na kizazi? Atazaa tena au hapana? Damu akiongezewa, anakubali? Mtafsiri ayapeleke hayo kwa daktari, na daktari aseme ndiyo au asahihishe. Ikiwa hawana muda siku hiyo, na si dharura, msisaini. Ombeni siku nyingine. Na siku hiyo mtoto aende shule.