Barua kwa Mwanangu: Joto la Mashine Yako ya Wenzo

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sisi sote hatujambo. Barua yako nimeipata, pamoja na picha za hiyo mashine ya espresso, La Pavoni Europiccola, uliyoinunua kwenye soko la vitu vya zamani huko Torino. Unasema kikombe cha kwanza hutoka kitamu, cha pili huwa kichungu kidogo, na cha tatu hakinyweki, ilhali kahawa ni ileile na umeisaga vilevile. Unahofia kwamba hujaujulia wenzo, yaani ule mkono wa mashine unaosukuma maji kupita kwenye kahawa. Nionavyo mimi, baada ya miaka mingi ya kutengeneza mashine za kahawa hotelini, mkono wako hauna kosa. Chanzo ni joto.

Maji yaliyomo ndani ya boila, yaani tangi la kuchemshia, yamefungiwa, kwa hiyo presha inapofika bar 0.8 juu ya ile ya hewa, yanakuwa na nyuzi 117 hivi, wakati espresso inataka maji ya kati ya nyuzi 90 na 96. Tofauti hiyo hufutwa na kichwa cha mashine, yaani kile kipande kizito cha shaba kilichopakwa kromu, chenye pistoni ndani. Asubuhi kichwa hakijapata moto sana, kwa hiyo maji yanapokipitia yanapoa kiasi kinachofaa. Hata hivyo, kimefungwa moja kwa moja kwenye boila, na kila kikombe unachotoa kinakiongezea joto, hadi kinafika mahali ambapo hakiwezi tena kuyapoza maji, nayo yanaiunguza kahawa. Wewe umekulia kwenye kahawa ya dele, inayokaa juu ya makaa na kupendwa kwa uchungu wake, na labda ndiyo sababu hukushtuka mapema.

Basi, usiiache mashine ikiwaka unapowasubiri wageni. Iwashe, ipate presha, kisha fungua bomba la mvuke kwa muda mfupi ili hewa iliyobaki juu ya maji itoke, kwa kuwa hewa hiyo huleta presha ya uongo wakati maji bado hayajapata joto. Toa vikombe viwili, uzime. Ukitaka cha tatu, kizungushie kichwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Mwanzoni utasikia maji yakichachatika na kuona mvuke ukipanda, na sauti hiyo ikififia, kiondoe. Mpini wa kichujio nao uchovye kwenye maji baridi, uufute vizuri kabla ya kuurudisha. Wapo wanaobandika kikaratasi cha kupimia joto kwenye kichwa, na kwa bei yake ningekushauri ukinunue, angalau mpaka mkono wako uzoee kukisoma chuma chenyewe.

Kuhusu wenzo, mashine za Achille Gaggia wa Milano, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940, zina springi: unaushusha wenzo ili kuikaza, kisha springi ndiyo inayosukuma maji. Hizo ukiziachia wakati kahawa haikushindiliwa vizuri, wenzo unaweza kuruka na kumpiga mtu kidevuni. Yako, ambayo La Pavoni walianza kuitoa mwaka 1961, haina springi. Nguvu yote ni ya mkono wako. Inua wenzo hadi juu, ungoje matone ya kwanza yaonekane chini ya kichujio, ndipo uushushe polepole kwa nguvu isiyobadilika. Ukishuka bila ubishi, kahawa ni ya chenga. Ukilazimika kuulalia kwa kifua, ni laini mno, na hapo usishindane nao. Acha, usage upya. Usiufungue mpini mara moja, maana presha iliyonaswa ndani itakurushia machicha ya moto.

Jambo moja silifanyii mzaha. Kifuniko cha boila kisifunguliwe hata kidogo kukiwa na presha. Zima, fungua bomba la mvuke mpaka presha iishe kabisa, ndipo ufungue polepole na kuongeza maji. Na kwa kuwa swichi yako, kama inavyoonekana pichani, ina hatua mbili za moto tu, ina maana mashine haijizimi yenyewe presha ikizidi. Inategemea vali ya usalama, na vali ya umri huo ni lazima fundi aikague kabla hujaendelea kuitumia. Kwenye kioo cha pembeni, maji yakikaribia mwisho wa chini, zima. Koili ya kuchemshia ikibaki nje ya maji huungua, na kupata nyingine ni gharama.

Chokaa ya maji iliyogandia ndani ya boila utaitoa kwa asidi ya ndimu iliyochanganywa na maji, kisha usuuze mara kadhaa. Sili za pistoni, yaani mipira inayozuia maji yasivuje, zibadilishe zote kwa pamoja, uzipake grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwa vyakula. Kabla ya kuagiza, pima upana wa kichujio: vichwa vya kabla ya mwaka 2000 huchukua cha milimita 49, vya baadaye 51, na sili zake haziingiliani. Ukishapima, niandikie kipimo pamoja na picha ya upande wa chini wa mashine, nami nitakuambia cha kuagiza.

Mama yako anakusalimu sana.

Wako akupendaye,
Baba